Kelele za Mitambo ya Upepo na Umbali wa Makazi: Mafunzo kwa Nyanda za Tabora

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji katika karne ya 19 ilijulikana kwa masikio kabla ya kuonekana kwa macho. Mbele alitangulia kirangozi, na nyuma yake zikasikika ngoma na barugumu. Na msafara ulipokaribia Tabora, bunduki zilifyatuliwa ili wenyeji wapate habari mapema. Wapagazi wa Kinyamwezi walielewa jambo ambalo siku hizi hufundishwa katika somo la fizikia: ya kwamba sauti ile ile haisikiki kwa umbali ule ule kila wakati. Mchana wa jua kali ngoma hufifia baada ya mwendo mfupi. Usiku, au alfajiri wakati baridi imetanda juu ya mbuga, ngoma hiyo hiyo hufika vijiji ambavyo mchana haikuvifikia kamwe.

Tofauti hiyo ya mchana na usiku ndiyo kiini cha ugomvi mwingi unaozuka katika nchi mbalimbali baina ya wenye mitambo ya kuzalisha umeme kwa nguvu za upepo na watu waishio jirani nayo. Makala hii inaeleza sauti hiyo inatokana na nini, inasafiri vipi, na kwa nini swali la umbali kati ya mtambo na nyumba halijibiwi kwa tarakimu moja iliyonakiliwa kutoka nchi nyingine. Inaeleza pia kwa nini umbali mkubwa, ambao kwa haraka huonekana kuwa ni kinga tupu kwa mwanakijiji, una gharama yake.

Upepo wa njia ya misafara

Msafiri aliyetoka pwani alikutana na upepo wa kweli alipofika Ugogo. Pale nchi ni kavu, miti ni michache na mifupi, na upepo wa kusini-mashariki hupita bila kizuizi. Kisha njia ilipanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Kilimatinde. Mahali kama hapo upepo unaolazimishwa kupanda ukingo hubanwa na kuongeza mwendo wake, kama maji ya mto yanavyokwenda kasi penye mlango mwembamba. Baada ya hapo lilifuata pori la Mgunda Mkali, lililoogopwa kwa ukosefu wa maji, hadi Tura, mlango wa Unyamwezi. Na hatimaye Kaze, yaani Tabora ya leo, ambako Burton na Speke walifika Novemba 1857.

Kutoka Tura kwenda magharibi mambo hubadilika. Nyanda za Unyamwezi ziko juu, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, lakini zimefunikwa na miombo, na miti hupunguza mwendo wa upepo karibu na ardhi. Nguvu iliyomo katika upepo hufuata mwendo wake ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu: upepo wenye mwendo maradufu una nguvu mara nane. Kwa hiyo upungufu mdogo wa mwendo ni upungufu mkubwa wa umeme. Ndiyo sababu mipango mikubwa ya umeme wa upepo nchini Tanzania imezitazama Singida, kaskazini tu ya njia ya zamani ya misafara, na Makambako katika nyanda za juu kusini. Vipimo vilivyochukuliwa mita 30 juu ya ardhi, ambavyo hutajwa mara nyingi, vinaonyesha wastani wa mita 9.9 kwa sekunde Singida na mita 8.9 Makambako. Hata hivyo mipango ya Singida, iliyoanza kuzungumzwa zaidi ya miaka kumi iliyopita, imekwenda polepole mno, na mitambo ya kwanza ya kibiashara kuzunguka katika ardhi ya Tanzania ilisimamishwa Mufindi, mkoani Iringa, mwaka 2020: mitambo mitatu ya Mwenga, yenye jumla ya megawati 2.4.

Je, Tabora ihusike vipi? Mitambo ya siku hizi ina minara ya mita 100 na zaidi, na mapanga marefu yanayoweza kuvuna upepo ulio juu sana ya vilele vya miti. Maeneo ambayo miaka 30 iliyopita yalihesabiwa kuwa hayafai leo yanapimwa upya katika nchi nyingi. Na nyanda zinazotoka Manyoni hadi Tabora ni tambarare, zina reli na njia za umeme, na zina vijiji vyenye ardhi. Yafaa elimu itangulie mkataba.

Sauti yenyewe

Mtambo wa upepo una sauti za aina mbili. Ya kwanza hutoka ndani ya kichwa cha mtambo, kwenye giaboksi, jenereta na mota za kugeuza kichwa hicho kuelekea upepo. Katika mitambo ya zamani sauti hii ya vyuma ndiyo iliyosumbua zaidi. Leo imepunguzwa sana kwa matandiko ya mpira na mafunikizo mazito. Aina ya pili hutokana na mapanga yenyewe yanapokata hewa, na hii haiwezi kuondolewa kabisa.

Chukua panga lenye urefu wa mita 50 linalozunguka mara 15 kwa dakika. Mtu aliyesimama mbali huliona likienda taratibu, kana kwamba limechoka. Lakini ncha yake husafiri karibu mita 79 kila sekunde, yaani zaidi ya kilometa 280 kwa saa, ambao ni mwendo kasi kuliko gari lolote lipitalo barabara ya Itigi. Hewa inayoachwa nyuma ya ukingo mwembamba wa panga husokotana, na msokoto huo ndio uvumi unaosikika. Kwa kuwa mapanga ni matatu, kila dakika hupita mapigo 45, na uvumi hupanda na kushuka kwa kufuata mapigo hayo: vuu, vuu, vuu. Sikio la binadamu huizoea haraka sauti isiyobadilika, kama ya mvua juu ya bati. Sauti inayopanda na kushuka kwa kipimo haizoeleki hivyo, hasa kwa mtu anayetafuta usingizi.

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Mnong'ono ni kama desibeli 30, mazungumzo ya kawaida ni kama 60, na mtu aliyesimama kando ya mashine ya kusaga nafaka huweza kupata zaidi ya 90. Kipimo hiki hakijumlishwi kama shilingi. Mitambo miwili iliyo sawa na iliyo kwenye umbali sawa haitoi desibeli maradufu, bali huongeza desibeli 3 tu. Mitambo kumi huongeza 10. Kwa upande wa sikio, ongezeko la desibeli 3 hutambulika kwa shida, ilhali ongezeko la 10 husikika kama sauti iliyokuwa maradufu.

Umbali nao una kanuni yake. Kila umbali unapozidishwa mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6. Mtambo mkubwa wa siku hizi ukiwa na nguvu ya sauti ya desibeli 104 kwenye chanzo chake, mtu aliye mita 250 atapata kiasi cha desibeli 48. Aliye mita 500 atapata 42. Aliye kilometa moja, 36. Na aliye kilometa mbili, 30. Hewa humeza sehemu nyingine juu ya hapo, lakini haimezi kwa usawa: sauti nyembamba humezwa upesi, sauti nene huendelea. Hivyo anayeishi mbali husikia kitu tofauti na anayeishi karibu. Wa karibu husikia mchakacho wa mapanga, wa mbali husikia ngurumo.

Tarakimu hizi zaonyesha pia udhaifu wa kupima mtambo mmoja mmoja. Nyumba iliyo kilometa moja kutoka mtambo mmoja iko katika hali njema. Nyumba iliyozungukwa na kumi, yote kwa umbali huo, ingepata desibeli 46. Katika shamba halisi la upepo mitambo haikai yote kwa umbali sawa, na ongezeko huwa dogo kuliko hilo. Lakini mwanakijiji anayeambiwa kwamba "mtambo uko mita 500" ana haki ya kuuliza ni mitambo mingapi na iko upande gani.

Kwa nini usiku

Sauti husafiri kasi zaidi katika hewa yenye joto kuliko katika hewa ya baridi. Mchana ardhi hupata moto, hewa iliyo chini huwa na joto kuliko ya juu, na mawimbi ya sauti hupindika kuelekea angani. Aliye mbali hubaki katika kivuli cha sauti. Usiku usio na mawingu mambo hugeuka: ardhi hupoteza joto lake upesi, hewa ya chini huwa baridi kuliko iliyo juu yake, na mawimbi ya sauti hupindika kurudi chini, kana kwamba mbuga imefunikwa kwa bakuli. Nyanda za juu zenye anga safi, kama zilivyo za Unyamwezi katika kipupwe, miezi ya Juni hadi Agosti, zina usiku wa namna hiyo kwa wingi.

Liko jambo la pili, ambalo kwa muda mrefu wahandisi hawakulitilia maanani vya kutosha. Usiku hewa ya chini hutulia, jani halitikisiki, lakini mita 100 juu upepo unaendelea, na mara nyingine unaongeza nguvu. Mapanga huzunguka kwa nguvu zote juu ya kijiji kilicho kimya kabisa. Mtaalamu wa Uholanzi, G. P. van den Berg, alilichunguza jambo hili katika shamba la upepo la Rhede, mpakani mwa Ujerumani na Uholanzi, lenye mitambo 17. Wakazi walilalamika kwamba usiku walisikia mitambo hata wale waliokuwa zaidi ya kilometa moja na nusu, na hesabu rasmi zilisema jambo hilo haliwezekani. Matokeo ya uchunguzi wake, yaliyochapishwa mwaka 2004, yalionyesha kwamba usiku sauti iliweza kuwa kubwa kuliko iliyokadiriwa kwa kiasi cha hadi desibeli 15. Kosa lilikuwa katika hesabu: zilichukua upepo uliopimwa mita 10 juu ya ardhi na kukisia upepo wa juu kana kwamba usiku na mchana ni kitu kimoja. Masikio ya wakazi yalikuwa sahihi.

Kwa mtu wa Tabora liko jambo la tatu, nalo ni wadudu. Wakati wa masika nyenje na vyura huujaza usiku, na huenda mtu akadhani kelele zao zitaufunika uvumi wa mtambo. Zinaufunika kwa sehemu tu, maana nyenje hulia kwa sauti nyembamba sana na mtambo huvuma kwa sauti nene, na sauti moja huifunika vizuri nyingine inayokaribiana nayo. Na katika kipupwe, wakati upepo ni mwingi, hata nyenje hupungua.

Nyumba na mwelekeo

Nchi zilizojenga mitambo mingi zimeweka sheria za namna mbili. Nyingine huweka umbali, nyingine huweka kiwango cha sauti. Denmark hutumia vyote viwili: nyumba isiwe karibu kuliko mara nne ya urefu wote wa mtambo, na wakati upepo una mwendo wa mita 8 kwa sekunde sauti isizidi desibeli 44 kwenye nyumba za mashambani na 39 kwenye maeneo ya makazi. Jimbo la Bavaria, Ujerumani, liliamua mwaka 2014 kwamba umbali uwe mara kumi ya urefu. Poland ilifuata mkondo huo mwaka 2016, na mwaka 2023 ikalegeza hadi mita 700, baada ya kuona kwamba kanuni ya mara kumi ilikuwa imefunga karibu nchi nzima. Nchini Kenya, kanuni za kelele za mwaka 2009 haziutaji mtambo wa upepo peke yake, bali zinataka sauti katika makazi isizidi desibeli 50 mchana na 35 usiku, nje ya nyumba. Tanzania nayo ina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Je, kijiji cha Sikonge au Uyui kingeweza kunakili tarakimu ya Denmark? Hapana, na sababu yake iko ukutani. Nyumba ya Ulaya ya kaskazini hufungwa usiku, madirisha yake yana vioo viwili, na ukuta na dirisha lililofungwa huweza kuzuia desibeli 25 au zaidi. Dirisha lililo wazi huzuia kama 10 hadi 15 tu. Nyumba ya kawaida ya Unyamwezi ina nafasi ya hewa kati ya ukuta na paa, na dirisha la wavu au la ubao. Na ndivyo ipasavyo kuwa katika nchi yenye joto. Aidha watu hawaishi ndani. Jioni jamaa huketi uani, wazee huzungumza nje, na katika miezi ya joto wapo wanaolala nje. Kwa watu hao desibeli zilizopimwa nje ya nyumba ndizo desibeli wanazozipata.

Mwelekeo wa upepo nao una sehemu yake. Upande ambako upepo unaelekea, sauti hupindishwa chini na hufika mbali. Upande unakotoka, hupindishwa juu. Ulaya, ambako upepo hubadilika kila siku mbili tatu, kila jirani hupata zamu yake ya utulivu. Katika nyanda za kati za Tanzania upepo mkuu wa kipupwe hutoka mashariki na kusini-mashariki kwa miezi mfululizo. Maana yake ni kwamba wakazi wa magharibi na kaskazini-magharibi ya mtambo wangebeba mzigo karibu wote, usiku baada ya usiku, na wa mashariki wangestaajabu wenzao wanalalamikia nini. Duara lililochorwa kwa bikari kwenye ramani halilingani na hali hiyo. Umbo linalofaa ni la yai, refu upande upepo unakoelekea.

Mapanga hutupa vilevile kivuli kinachopepesa asubuhi na jioni. Kwa kuwa Tabora iko nyuzi tano tu kusini ya Ikweta, kivuli hicho huanguka karibu moja kwa moja magharibi asubuhi na mashariki jioni, na ni rahisi kujua ni nyumba zipi zitakazofikiwa, na siku zipi.

Yaliyotokea Kinangop

Jirani wa karibu aliyepitia ugomvi wa namna hii ni Kenya, na tukio kubwa ni la Kinangop, Nyandarua. Huko ulipangwa mradi wa megawati 60 wenye mitambo 38, katika nchi ya wakulima wadogo wa viazi, kabichi na maziwa, wenye mashamba yanayopakana shina kwa shina. Kuanzia mwaka 2014 wakazi walipinga. Walihofia kuhamishwa, walihofia kwamba fidia ingewafikia wachache, na walihofia afya zao na za mifugo yao. Mapema mwaka 2015 maandamano yaligeuka ghasia, na mtu mmoja akapoteza maisha. Februari 2016 wenye mradi walitangaza kwamba wameusitisha. Hakuna mtambo hata mmoja uliozunguka.

Baadhi ya hofu zilizoenezwa Kinangop hazikuwa na msingi wa kisayansi, kama ile kwamba mitambo huharibu mimba. Kuna dai jingine linalosikika kote duniani, la sauti nene mno zisizosikika na sikio, kwamba huugonjesha mwili bila mtu kujua. Dai hili limechunguzwa. Uchunguzi wa Finland uliotolewa mwaka 2020 haukuona kwamba sauti hizo zinaeleza maradhi yaliyolalamikiwa. Uchunguzi wa Wizara ya Afya ya Canada wa mwaka 2014, uliohoji watu wazima 1,238 wanaoishi karibu na mitambo, haukuona uhusiano kati ya kelele na maradhi waliyoyataja wenyewe, lakini uliona waziwazi kwamba kadiri sauti inavyozidi ndivyo wanaokerwa wanavyozidi. Kero si jambo la kudharauliwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza wastani wa sauti ya mitambo ya upepo kwa siku nzima, ukipewa uzito wa jioni na usiku, usizidi desibeli 45. Nalo likakiri kwamba ushahidi wa kupanga kiwango cha usiku peke yake haukutosha.

Ni kosa, hata hivyo, kuyaeleza ya Kinangop kama ushindi wa ujinga juu ya sayansi. Uchunguzi mmoja wa Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2009 na kuhoji watu 725, ulipata matokeo yanayofaa kusomwa katika kila ofisi ya kijiji: watu waliokuwa na faida ya fedha kutokana na mitambo hawakukerwa karibu kabisa, ingawa wao ndio waliokuwa karibu zaidi na kupata sauti kubwa zaidi. Sikio moja husikia mapato, jingine husikia uvamizi. Katika nchi ya mashamba madogo, anayepata kodi ya mtambo ni mwenye kipande cha ardhi unaposimama. Jirani yake wa mita 300 hupata sauti peke yake. Mpango unaomlipa mmoja na kumnyima wa pili hupanda ugomvi hata kama vipimo vyote vya desibeli ni sahihi.

Kipeto, katika Kajiado, ilichukua njia nyingine. Mitambo 60 yenye megawati 100 ilianza kuuza umeme mwaka 2021. Wenye ardhi hulipwa kodi na sehemu ya mapato, na familia zilizokuwa karibu mno na mitambo zilijengewa nyumba nyingine. Ardhi ya wafugaji ilikuwa na nafasi ya kufanya hivyo. Ya Kinangop haikuwa nayo. Kwenye Ziwa Turkana, ambako mitambo 365 iliunganishwa na gridi mwaka 2018, kelele hazikuwa hoja kuu, kwa kuwa watu ni wachache. Hoja ilikuwa ardhi yenyewe, na mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo hazikupatikana kwa utaratibu wa sheria.

Umbali unaochukua ardhi

Hapo ndipo swali la umbali linapokuwa gumu. Duara lenye nusu-kipenyo cha mita 500 lina eneo la hekta 78. Likiongezwa hadi kilometa moja, eneo huwa hekta 314. Ongezeko hilo hulinda usingizi wa walio na nyumba leo; lakini ikiwa sheria inakataza nyumba na mtambo kukaribiana, inakataza pande zote mbili. Kijana atakayeoa miaka mitano baadaye hataruhusiwa kujenga kwenye shamba la baba yake. Katika Unyamwezi, ambako mji mpya huanzishwa pale rutuba na maji yalipo, na ambako kumbukumbu ya kuhamishiwa vijijini mwaka 1974 haijafutika, jambo hili lina uzito.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji uwezo wa kukubali au kukataa ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 inapotakiwa kwa matumizi mengine. Zaidi ya hapo uamuzi ni wa Waziri. Mtambo wenyewe, pamoja na msingi na barabara yake, hauchukui hata hekta mbili. Kwenye karatasi, basi, mradi wa mitambo kumi huonekana mdogo sana. Duara za sauti zinazoizunguka, ambamo hakuna atakayejenga tena, haziandikwi popote kuwa ni ardhi iliyotwaliwa, na hazilipiwi fidia. Ni hesabu isiyo kamili, na haki inataka ramani ya sauti iwekwe mezani pamoja na ramani ya mipaka siku ile ile kijiji kinapoitwa kupiga kura.

Upimaji wa sauti unaofaa kuweka msingi wa ramani hiyo si kazi ya siku moja. Kifaa hukaa kwenye nyumba zenyewe, kwa wiki mbili au zaidi, usiku na mchana, kabla nguzo ya kwanza haijasimamishwa, ili ijulikane kimya cha kijiji ni desibeli ngapi. Kwa Tabora miezi ya kupimia ni Juni hadi Septemba, kwa maana ndipo upepo, baridi ya usiku na kimya vinapokutana. Vipimo vya masika vitampendeza mwekezaji tu. Upepo wa juu upimwe kwenye kimo cha kichwa cha mtambo, si mita 10. Na mitambo ikishasimama upimaji urudiwe kwenye nyumba zile zile, na tarakimu zibandikwe ofisini kwa mtendaji wa kijiji.

Sauti ikionekana kuzidi, dawa ipo, na haihitaji kubomoa kitu. Nguvu ya sauti ya mapanga hufuata mwendo wa ncha ukizidishwa kwa wenyewe karibu mara tano. Kwa hiyo kupunguza mzunguko kwa asilimia 10 hushusha kiasi cha desibeli 2, na kwa asilimia 20 hushusha karibu 5. Mitambo ya siku hizi hupangwa kwa kompyuta kufanya hivyo yenyewe saa za usiku, upepo unapotoka upande fulani. Vilevile ukingo wa panga huweza kuwekwa meno kama ya msumeno, kwa kufuata mfano wa manyoya ya bundi, ambaye huruka bila kusikika. Meno hayo huondoa desibeli 2 au 3. Kupunguza mzunguko hupunguza umeme wa saa hizo, na upungufu huo ni fedha. Nani ataibeba hasara hiyo, mwenye mtambo au shirika linalonunua umeme, ni kifungu kinachopaswa kuandikwa katika mkataba wa mauzo kabla haujatiwa sahihi.